Kwa nini mtunzi wa vichekesho alinyongwa: kumwelewa Ken Saro-Wiwa kutoka Lubumbashi

Tarehe 10 Novemba 1995, katika gereza la Port Harcourt kusini mwa Nigeria, serikali ya kijeshi ya Jenerali Sani Abacha iliwanyonga wanaume 9. Wanane kati yao hawakujulikana sana nje ya kwao. Wa tisa, Ken Saro-Wiwa, alikuwa na umri wa miaka 54, na miaka 5 tu kabla ya siku hiyo Wanigeria walikuwa bado wanakusanyika mbele ya televisheni kucheka vichekesho alivyovitunga yeye.

Huku kwetu Lubumbashi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, anayemjua humjua kwa kifo chake. Utalisikia jina lake kwenye mikutano ya mashirika ya kiraia, mjadala unapofika kwenye mto uliochafuliwa au kijiji kilichohamishwa kupisha mgodi. Hutajwa kama shahidi: mtu aliyesimama mbele ya kampuni ya mafuta akauawa. Hayo ni kweli. Ila yakisemwa hayo peke yake, maisha yake yanabaki kitendawili. Mtu huyu aliandika tamthilia za kuchekesha. Alikuwa na mali. Aliwahi kushika vyeo serikalini. Katika vita vya Biafra alikuwa upande wa serikali kuu. Ilikuwaje mtu wa namna hiyo akaishia kwenye kitanzi cha dola aliyoitumikia?

Wengi hulijibu swali hilo kwa kumkata vipande viwili: kuna Saro-Wiwa mchekeshaji, kisha kuna Saro-Wiwa mwanaharakati, kama vile siku moja aliweka kalamu chini akashika bango. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Ukizisoma kazi zake kwa mfululizo unaona swali moja linalomsumbua tangu ujana wake mpaka mwisho: utajiri unaochimbwa ardhini unamfanya nini mtu anayeusubiri, na unamfanya nini mtu anayeishi juu yake.

Alizaliwa Bori mwaka 1941, katika nchi ya Waogoni kwenye delta ya mto Niger. Ni eneo dogo, la kilomita za mraba zipatazo 1,000, na miaka ya 1990 lilikuwa na watu wapatao 500,000, wakulima na wavuvi. Mafuta yaligunduliwa huko mwaka 1958, yeye akiwa bado kijana wa shule. Kampuni ya Shell ikachimba visima, ikatandaza mabomba juu ya ardhi katikati ya mashamba na nyumba, ikawasha mienge ya gesi iliyowaka usiku na mchana. Kijana Saro-Wiwa alifanya vizuri darasani, akaenda shule ya serikali ya Umuahia, kisha Chuo Kikuu cha Ibadan kusoma fasihi ya Kiingereza. Ibadan ya miaka ile ilikuwa imejaa tamthilia. Wanafunzi walizunguka na michezo yao kutoka mji mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo jukwaa lilipomteka.

Mwaka 1964 alitunga kichekesho kifupi kuhusu wanaume wawili wasio na kazi katika chumba kimoja cha kupanga jijini Lagos. Kiini cha mambo kilikuwa redio ya transista, chombo ambacho siku hizo kilikuwa ndoto ya kila kijana wa mjini. Kichekesho hicho, *The Transistor Radio*, kikaja kutangazwa na BBC mwaka 1972, katika mashindano ya tamthilia za Afrika. Tukiweke akilini, maana kitarudi kikiwa kimekua.

Kabla ya hapo vita vikaja. Mei 1967 eneo la mashariki mwa Nigeria lilijitangaza kuwa nchi ya Biafra. Waogoni na makabila mengine madogo ya delta wakajikuta ndani ya mipaka ya nchi hiyo mpya bila kuulizwa. Saro-Wiwa alikimbilia upande wa serikali kuu, na ilipoiteka bandari ya Bonny, mahali mafuta yanapopakiwa melini, akawekwa kuwa msimamizi wake.

Wapo Wanigeria ambao mpaka leo hawajamsamehe kwa hilo, na msomaji wa mbali huona kama doa. Msomaji wa Katanga ana njia ya kulielewa. Julai 1960 Moïse Tshombe alipotangaza Katanga kuwa nchi, si kila Mkatanga aliyeitikia. Wabaluba wa kaskazini, nyuma ya Jason Sendwe na chama cha Balubakat, walikataa. Kwa watu wachache kuliko wengine, bendera mpya inaweza kumaanisha bwana mpya aliye karibu zaidi. Hesabu ya Saro-Wiwa ilikuwa hiyo: Lagos ilikuwa mbali, na mwezi uleule wa Mei 1967 ilikuwa imetangaza kuundwa kwa jimbo la Rivers, ambamo Waogoni wangepata angalau kiti. Kwa hiyo hakuwa amewasaliti watu wake. Alikuwa anawatafutia mahali pa kukaa, na pale alipofikiri amepapata palikuja kumwangusha vibaya.

Vita hivyo vilimpa pia kazi yake bora kuliko zote kwa maoni yangu, riwaya ya *Sozaboy* ya mwaka 1985. Kijana wa kijijini anajiunga na jeshi kwa sababu sare inapendeza na wasichana wanaitazama. Hajui nani anapigana na nani. Anavaa sare ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili, na mwisho anarudi kijijini kukuta watu wake wamekwisha. Saro-Wiwa hakumweka shujaa hata mmoja mle ndani. Alikuwa na upande katika vita vile, lakini alipoandika hakuutetea.

Akawa pia waziri katika serikali ya jimbo la Rivers, akafukuzwa mwaka 1973 kwa sababu alikuwa akisema sana juu ya Waogoni. Hapo akaingia biashara. Aliuza vyakula, akanunua majengo, akafanikiwa. Hatua hii hurukwa na waandishi wengi, nami naona haifai kurukwa. Saro-Wiwa alichapisha vitabu vyake katika kampuni yake mwenyewe, Saros. Alitengeneza vipindi vyake mwenyewe. Alipoanza harakati, sehemu kubwa ya safari, karatasi na simu ililipiwa kwa fedha yake. Hakuna balozi wala mfadhili aliyeweza kumwambia punguza ukali ukurasa wa 3. Kila anayejaribu kuandika tamthilia Lubumbashi leo, akihesabu nani atalipa ukumbi na nani atalipa nauli za waigizaji, anajua uhuru wa namna hiyo una thamani gani.

Katikati ya miaka ya 1980 wale wanaume wawili wa chumba kimoja wakarudi, safari hii kwenye televisheni ya taifa ya Nigeria. Mfululizo uliitwa *Basi and Company*. Saro-Wiwa aliuandika na kuutengeneza hadi mwaka 1990, sehemu zipatazo 150, na watazamaji walikadiriwa kufika milioni 30.

Tuingie chumbani humo. Ni mtaa wa Adetola, Lagos. Basi ni mpangaji asiye na senti mfukoni, anajiita Mr. B na amejiaminisha kwamba ukitaka kuwa milionea, fikiri kama milionea. Rafiki yake Alali ana njaa kila wakati, na njaa yake ndiyo inayosema ukweli pale maneno ya Basi yanapopaa. Mwenye nyumba, Madam, anakuja kudai kodi akiwa amevaa na kujipamba kwelikweli. Kwake kila jambo duniani huishia kwenye fedha taslimu. Pembeni kuna Dandy mwenye baa, Josco aliyewahi kufungwa jela, na Segi, msichana mrembo ambaye kila mwanamume anataka kumwonyesha ubora wake. Kila wiki mmoja wao anapata mpango: zabuni, mzigo bandarini, mtu mkubwa wa kufahamiana naye. Wanadanganyana kwa ustadi, wanazungukana, na mwishoni wote wamebaki palepale walipoanzia, na kodi haijalipwa.

Kitu ambacho hakuna anayekifanya katika chumba kile ni kazi. Hakuna anayelima, anayeshona, anayefua chuma. Kila mmoja anasubiri fedha iliyoko hewani, fedha ambayo haikutoka kwenye jasho la mtu yeyote wanayemjua, na ujanja wote ni kusimama mahali itakapoangukia. Hiyo ndiyo Nigeria ya mafuta. Saro-Wiwa aliichora bila kutaja kisima hata kimoja, na wenye madaraka walicheka pamoja na wananchi. Viongozi walikiona kipindi kuwa cha maadili mema: vijana wafanye kazi, waache tamaa. Ni kweli kilisema hivyo. Lakini mtu akiuliza hatua moja zaidi, fedha ile ya hewani inatoka wapi, jibu lingempeleka moja kwa moja mpaka Bori alikozaliwa mtunzi.

Nilipoanza kueleza habari hizi kwa vijana wa kundi letu la maigizo, katika ua mmoja wa Katuba hapa mjini, binti aliyekuwa akifanya mazoezi ya kucheza Madam wetu wa hapa alinikatiza. “Sasa papa, juu ya nini balimuua? Haiko mutu wa komedi?” Nilimjibu kwamba kwa vile vichekesho peke yake wasingemuua. Akanitazama kama ambaye hajaridhika. Jibu lililobaki ni refu.

Lubumbashi tuna historia yetu ya kuwatazama wakubwa kupitia kicheko. Kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha mji huu, redioni kisha kwenye televisheni, na watu wazima wa hapa wamekua nalo. Mwaka 1986, Mobutu akiwa katika nguvu zake, kundi hilo liliandaa mchezo wa televisheni kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Mtafiti Johannes Fabian alikuwepo na aliyaandika mazoezi yao hatua kwa hatua. Waliweka mambo yote kijijini, kwa chifu na wazee wake. Mtazamaji mwenye akili aliongeza mwenyewe kilichobaki. Dola ya kijeshi au ya chama kimoja huweza kuvumilia kicheko cha aina hiyo, kwa sababu watu wakishacheka huzima televisheni na kwenda kulala. Saro-Wiwa alitaka watu wakishacheka wasilale.

Mabadiliko yake hayakuwa ya siku moja. Mwaka 1987 Jenerali Ibrahim Babangida alimteua kuongoza idara ya kuwahamasisha wananchi. Alikubali, akiamini anaweza kusukuma mambo akiwa ndani, na baada ya muda mfupi akaacha. Aliandika safu magazetini, na safu hizo zikazidi kuwa kali kuhusu delta. Kisha, mwaka 1990, mfululizo wake ukiwa unaisha, wazee wa Ogoni walitia saini hati ya madai yao ya haki, naye alikuwa mmoja wa waliokuwa nyuma ya kalamu. Mwaka huohuo likaundwa vuguvugu la Waogoni, MOSOP.

Mzizi wa madai ulikuwa fedha na ardhi. Wakati wa uhuru wa Nigeria, nusu ya mapato ya madini ilibaki katika eneo yalikotoka. Mafuta yalipokuwa ndiyo uchumi wenyewe, tawala za kijeshi zilipunguza fungu hilo hatua kwa hatua, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 lilikuwa chini ya asilimia 5. Waogoni walikuwa wamekaa juu ya mafuta kwa zaidi ya miaka 30 na vijiji vingi havikuwa na umeme wala maji ya bomba. Msomaji wa Haut-Katanga, jimbo letu, asilione hili kama jambo la kigeni. Sheria yetu ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au uchifu ulipo mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kwenye karatasi, Saro-Wiwa angeona sheria hiyo inatoa mara nyingi zaidi ya walichokuwa wanakipata Waogoni. Halafu angeomba kupelekwa kijijini akaangalie kilichofika.

Alichokileta yeye katika vuguvugu hilo ni ufundi wa mtu wa jukwaa. Wengine walijua kuandika maombi kwa waziri. Yeye alijua hadhira. Alipanga siku, tarehe 4 Januari 1993, mwanzoni mwa mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliuita wa watu wa asili, na siku hiyo Waogoni wapatao 300,000 walitoka barabarani wakiwa wameshika matawi mabichi ya miti. Hakuna bunduki, hakuna jiwe. Nusu na zaidi ya kabila zima iliandamana siku moja huku kamera za kigeni zikiwapo. Picha za namna hiyo haziji zenyewe. Mtu aliyetunga vipindi 150 anajua kwamba tawi bichi mkononi mwa mwanamke mzee linaonekana vizuri kuliko hotuba. Mwaka huo Shell ilisimamisha shughuli zake Ogoni.

Hapo ndipo hadithi inapochafuka, na wanaompenda mara nyingi huipitia mbio. Vuguvugu liligawanyika. Juni 1993 kulikuwa na uchaguzi wa rais, na MOSOP ikaamua kuususia. Baadhi ya viongozi wa Kiogoni waliona uamuzi huo ni kosa, wakajiuzulu. Walikuwa watu wa heshima, wengine marafiki zake wa siku nyingi. Vijana wa vuguvugu wakaanza kuwaita wazee hao wasaliti, waliohongwa na serikali. Saro-Wiwa mwenyewe alikuwa na ulimi mkali, hakuwa mtu wa kumbembeleza aliyepingana naye, na wapinzani wake walisema anajenga kundi la kumtii yeye. Mwanawe Ken Wiwa, aliyekuja kuandika kitabu juu yake, alimchora baba mgumu, asiyekuwepo nyumbani, aliyeipa Ogoni muda ambao watoto waliutaka. Kuyataja haya hakumpunguzii kitu. Kunamrudisha kwenye ukubwa wa binadamu.

Tarehe 21 Mei 1994, huko Giokoo, kundi la watu liliwavamia wazee waliokuwa kwenye mkutano na kuwaua wanne: Edward Kobani, Albert Badey, Samuel Orage na Theophilus Orage. Walikuwa Waogoni, na mauaji yao yalikuwa ya kinyama. Saro-Wiwa hakuwepo. Siku hiyo askari walikuwa wamemzuia njiani na kumrudisha. Kesho yake akakamatwa, na serikali ikasema yeye ndiye aliyechochea. Majeshi yakaingia vijijini. Watu wakapigwa, nyumba zikachomwa.

Kesi haikupelekwa mahakama ya kawaida. Iliundwa mahakama maalumu, mwenyekiti wake akiwa Jaji Ibrahim Auta, na miongoni mwa waliokaa mezani alikuwemo ofisa wa jeshi. Hukumu yake haikuwa na rufaa. Ilikwenda kwa baraza la majenerali kuthibitishwa, basi. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka walitoa viapo kwamba walikuwa wamehongwa ili waseme uongo. Mawakili wa utetezi, akiwemo Gani Fawehinmi aliyekuwa akiheshimiwa nchi nzima, waliona wanashiriki mchezo ambao mwisho wake umeshaandikwa, wakajiondoa. Mwisho wa Oktoba 1995 hukumu ikatoka: kunyongwa.

Saro-Wiwa alikuwa ametayarisha maelezo ya mwisho ya kuisomea mahakama. Hakuruhusiwa kuyasoma yote, lakini yalitoka nje na yamesomwa dunia nzima. Anachofanya humo ni kugeuza chumba. Anasema yeye na wenzake siyo washtakiwa peke yao. Shell nayo imeshtakiwa hapa, na siku yake ya kujibu itafika. Kwa kalamu anawahamisha watu viti: kampuni anaiketisha kizimbani, na majaji anawaweka mbele ya historia. Ni ufundi uleule wa miaka 30 nyuma wa kumtazama mwenye nyumba kwa macho ya mpangaji, sasa bila kicheko.

Gerezani aliendelea kuandika. Kulikuwa na mtawa kutoka Ireland, Sista Majella McCarron, aliyekuwa amefanya naye kazi ya kuieleza dunia habari za Waogoni. Barua za Saro-Wiwa kwenda kwake zilitolewa kizuizini kwa siri, zimefichwa katika vikapu vya mkate. Zilinusurika barua 28 na mashairi 27, na mwaka 2011 mtawa huyo alizikabidhi Chuo Kikuu cha Maynooth. Ukizisoma humkuti mtu anayejiandalia sanamu. Anauliza habari za machapisho, anapanga nani aandikiwe, anasikitika kwa ajili ya watoto, anatania. Anafanya kazi ya ofisini akiwa ndani ya kuta za jeshi.

Siku 10 baada ya hukumu ya mwisho kusomwa alikuwa ameshakufa. Viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa wakikutana New Zealand wakati ule. Kesho yake wakaisimamisha Nigeria uanachama. Familia hazikupewa miili. Mji wetu unaielewa dola inayoogopa kaburi: mwili wa Patrice Lumumba, aliyeuawa si mbali na hapa tarehe 17 Januari 1961, uliyeyushwa kwa asidi, na miaka 61 ikapita kabla familia haijakabidhiwa jino moja na Ubelgiji.

Je, Shell ilihusika? Kampuni imekana siku zote. Familia za waliouawa ziliishtaki New York, na mwaka 2009, siku chache kabla kesi haijaanza kusikilizwa, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 15.5 bila kukiri kosa. Esther Kiobel, mjane wa mmoja wa wale 9, aliifuata kesi yake Marekani hadi Mahakama Kuu kabisa, akashindwa mwaka 2013 kwa hoja ya mipaka ya mamlaka ya mahakama za huko. Alipokwenda Uholanzi, mwaka 2022 majaji wakasema ushahidi hautoshi. Kwa hiyo fedha imelipwa, lakini hakuna hukumu yoyote ya mahakama iliyosema nani alifanya nini. Ni muhimu kuvitenganisha vitu hivi viwili, kwa sababu katika mijadala yetu mara nyingi huchanganywa.

Kuhusu ardhi, jibu ni wazi zaidi. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wake wa Ogoni. Katika mahali pamoja, watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayoleta saratani, mara 900 zaidi ya kiwango kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani. Kusafisha eneo lote kungechukua miaka 25 hadi 30, na kwa kuanzia tu zilihitajika dola bilioni 1. Yaani mtu yule aliyeambiwa anatia chumvi alikuwa amesema chini ya ukweli. Kazi ya kusafisha ilizinduliwa rasmi mwaka 2016 na imekwenda polepole mno.

Na dola iliendelea kumwogopa. Mchongaji Sokari Douglas Camp, mzaliwa wa delta, alitengeneza basi la chuma la kumkumbuka, lenye maneno yake ya kuzishutumu kampuni za mafuta ubavuni na mapipa juu ya paa. Mwaka 2015, miaka 20 baada ya kunyongwa, basi hilo liliposafirishwa kwenda Ogoni, forodha ya Lagos ililizuia bandarini.

Mwaka 2025, tarehe 12 Juni, Rais Bola Tinubu alitangaza msamaha kwa wale 9 na kumpa Saro-Wiwa nishani ya taifa. Baadaye mwaka huo wazee wanne waliouawa Giokoo nao wakapewa nishani. Wengi walishangilia, na wengi waliuliza: anayesamehewa ni nani? Kisheria, msamaha unaiacha hukumu ya Jaji Auta mahali pake. Unamwondolea adhabu mtu mwenye hatia, na hawa adhabu yao ilishatekelezwa mwaka 1995. Watetezi wa Waogoni wanachokitaka ni hukumu ile ifutwe, itamkwe kwamba hawakuwa na hatia. Nakubaliana nao bila kusita. Tena msamaha huo ulikuja katika mwaka ambao serikali ilikuwa imefungua mazungumzo na viongozi wa Ogoni juu ya kurudisha uchimbaji wa mafuta kwenye visima vilivyolala tangu 1993.

Vijana wetu wa Katuba wameamua kuanza na kile kichekesho cha kwanza. Chumba kimoja, waigizaji wachache, gharama ndogo. Kukiweka katika Kiswahili cha hapa kunahitaji kwanza idhini ya wenye haki za kazi hiyo, na barua ya kuiomba tunaiandika sasa. Binti aliyeniuliza swali ndiye anayeisahihisha. Ukumbi bado hatujaupata: ule mkubwa uliojengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa tamthilia wa mji huu, jengo la 30 Juni, ndimo wanamokaa siku hizi wabunge wa jimbo, na ndani yake hujadiliwa, pamoja na mengine, ile asilimia 25.